Naomba ushauri: kodi (chords) za jazz kwenye gitaa, nianzie wapi?

Mpiga Rithimu:
Wakuu, habari za jioni. Mimi napiga gitaa la rithimu kanisani kwa miaka kadhaa sasa. Kodi za kawaida ninazo, za kubana kwa kidole cha shahada ninazo, na sebene ikichanganya napanda juu ya shingo bila shida. Hapa Arusha kuna mzee mmoja wa kinanda anayepiga jazz hotelini siku za wikiendi, yeye na mpiga bezi tu, hawana dramu. Amenisikia akanikaribisha nijaribu nao. Karatasi alizonipa zimejaa Dm7, Cmaj7, Bm7b5, na nyingine zina pembetatu au duara lililokatwa mstari. Nikapakua kitabu cha kodi mtandaoni, kina mamia ya michoro, kodi moja inashikwa kwa namna tano au sita. Sijui nishike ipi niache ipi.

Aliyepita njia hii anielekeze: kodi zipi za mwanzo? Na je, lazima nitafute gitaa maalumu? Nina la umeme la kawaida na gitaa kavu. Muziki huu naupenda kweli, sitaki kuufanya juu juu.

Nyuzi Sita:
Gitaa usinunue. Hilo la umeme linatosha kabisa. Tumia pikapu (kile kinasa sauti chini ya nyuzi) iliyo karibu na shingo, punguza kitufe cha toni, usiweke mwangwi mwingi. Kitabu cha michoro kiweke pembeni kwa sasa.

Mzee wa Magitaa:
Kijana, umesema unapiga kanisani, basi bila shaka solfa unaijua. Tuanzie hapo, maana kodi za jazz zinaeleweka haraka sana kwa solfa kuliko kwa michoro.

Chukua ki ya C, yaani C ndiyo do. Dm7 ni re fa la do. G7 ni so ti re fa. Cmaj7 ni do mi so ti. Mwendo huo wa re, so, do utaukuta karibu kila karatasi ya jazz utakayopewa, katika ki mbalimbali. Sasa katika kila kodi toa ile sauti ya tano, ukihesabu ngazi za solfa kuanzia sauti yenye jina la kodi: kwenye Dm7 toa la, kwenye G7 toa re, kwenye Cmaj7 toa so. Hakuna atakayezikosa. Zinabaki sauti tatu tatu, nazo unazishika hivi (uzi wa 6 ndio mnene kuliko wote, freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo):

Dm7: uzi wa 5 freti ya 5, uzi wa 4 freti ya 3, uzi wa 3 freti ya 5.
G7: uzi wa 6 freti ya 3, uzi wa 4 freti ya 3, uzi wa 3 freti ya 4.
Cmaj7: uzi wa 5 freti ya 3, uzi wa 4 freti ya 2, uzi wa 3 freti ya 4.

Nyuzi nyingine zote ziba, zisilie. Ukishazishika, acha kuangalia bezi, tazama uzi wa 4 na wa 3 peke yake. Kwenye Dm7 una fa na do. Ukienda G7, fa inabaki palepale, do inashuka ti. Ukienda Cmaj7, ti inabaki, fa inashuka mi. Kila mara sauti moja inatulia na nyingine inashuka freti moja tu. Umeshaimba hivyo kwenye kwaya mara nyingi, ile fa inayoshukia mi wimbo unapofunga.

Sauti hizo mbili, ya tatu na ya saba, ndizo zinazomwambia msikilizaji kama kodi ni meja, ni maina, au ni ile ya saba inayotaka kwenda nyumbani. Ziimbe kwa mdomo huku unapiga. Halafu sogeza zote freti mbili kwenda juu, umeshapata Em7, A7, Dmaj7, bila kujifunza mchoro mpya.

Fundi Bezi:
Mzee kasema kweli, ila mimi ningeanza kwingine. Mtu akianza na re so do peke yake anakuwa na mazoezi mazuri na hana wimbo. Mpe bluzi (blues) ya baa 12, aanze kupiga muziki leo leo. Katika ki ya G:

G7, C7, G7, G7
C7, C7, G7, E7
Am7, D7, G7, D7

Kila jina ni baa moja, yaani biti nne. G7 ni ile aliyokupa mzee. C7: uzi wa 5 freti ya 3, wa 4 freti ya 2, wa 3 freti ya 3. Isogeze freti mbili ni D7, isogeze nne ni E7. Am7: uzi wa 6, wa 4 na wa 3, zote freti ya 5. Hapo umo kwenye freti chache za katikati na wimbo mzima umekamilika.

Na mkono wa kulia usiudharau, hapo ndipo naona wapiga gitaa wengi wanapoanguka. Piga biti nne sawasawa, uzito kidogo kwenye ya pili na ya nne, na baada ya kila pigo legeza vidole vya kushoto ili sauti ikatike. Msikilize mpiga gitaa Freddie Green wa bendi ya jazz ya Count Basie. Aliingia 1937, akakaa humo mpaka alipofariki 1987, anapiga biti nne kwa kodi ndogo ndogo, na bendi nzima ya tarumbeta na saksofoni inatembea juu yake.

Mzee wa Magitaa:
Sikubishii, Fundi. Lakini baa ya 9 na ya 10 za hiyo bluzi, Am7 na D7, ni re na so za ki ya G. Akiwa ameshausikia mwendo ule, akifika hapo atajua yuko wapi. Afanye yote mawili.

Mpiga Rithimu:
Shikamoo mzee. Nimekaa na gitaa tangu niliposoma, na ile fa ikishuka mi nimeisikia kabisa. Miaka yote hii nabana nyuzi sita sikuwahi kuisikia kwenye gitaa. Maswali mawili: hizi sauti tatu si zitakuwa nyembamba mno mbele za watu hotelini? Na zile alama za pembetatu na duara?

Mama Kinanda:
Mdogo wangu, alama kwanza. Pembetatu ni maj7. Alama ya kutoa ni maina. Duara lililokatwa ni m7b5. Duara tupu ni dim. Bm7b5 ni ti re fa la. Ishike uzi wa 5 freti ya 2, wa 4 freti ya 3, wa 3 freti ya 2, wa 2 freti ya 3. Kwa kawaida inakwenda E7 kisha Am, yaani ti, mi, la, ni mwendo uleule wa mzee ukiwa upande wa maina.

Kuhusu wembamba, hapo naongea kama mtu wa kinanda: tunaomba wapiga gitaa wapige kidogo! Mimi nina vidole kumi, bezi anashika sauti ya chini, wewe ukija na nyuzi sita zote tunagongana katikati na msikilizaji haelewi kitu. Tafuta rekodi za Nat King Cole akiwa na kinanda, Oscar Moore gitaani na mtu wa bezi, bila dramu, kundi kama hilo mnalotaka kuunda. Sikiliza Moore anavyoingia na anavyonyamaza.

Nyuzi Sita:
Niongeze. Uliyotoka nayo kwenye rithimu za dansi usiyatupe. Ukisikiliza Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, kodi ni chache na ni za sauti tatu za kawaida, lakini gitaa la rithimu limekaza muda, linakatika, halimfuniki muimbaji. Mkono huo unao tayari. Kinachobadilika ni sauti unazochagua.

Mpiga Rithimu:
Nimeelewa. Mama Kinanda, yule mzee wa hotelini akianza kupiga solo, mimi nifanye nini? Na nikipotea?

Mama Kinanda:
Akiwa kwenye solo, mkono wake wa kushoto ukipungua, hapo ndipo unapopiga biti zako nne. Ukipotea, acha kupiga, sikiliza bezi mpaka baa ya kwanza irudi, ingia. Kabla ya mazoezi mwambie apige Dm7, G7, Cmaj7 polepole kwa mkono wa kushoto tu, na wewe ucheze uzi wa 4 na wa 3 peke yake.