Mrejesho: mizani na modemu kubadilishana majina Linux inapowaka

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu kompyuta ya ghala letu la dagaa hapa Ujiji: umeme ukirudi, mizani iliyokuwa ttyUSB0 (jina ambalo Linux huipa kifaa kilichochomekwa USB) inageuka ttyUSB1, na programu ya mauzo inasoma modemu badala ya mizani.

Sasa imetulia. Kerneli, yaani kiini cha Linux, hugawa namba hizo kwa kufuata kifaa kilichotangulia kuonekana. Kutumia idVendor na idProduct (namba za mtengenezaji na za bidhaa) hakukutosha, maana mizani na modemu vyote vina chipu ileile. Nimetumia KERNELS, yaani tundu la USB lenyewe, ndani ya faili la kanuni za udev (sehemu ya Linux inayovipa vifaa majina), /etc/udev/rules.d/99-mizani.rules, pamoja na SYMLINK+="mizani", yaani jina la ziada lisilobadilika. Kisha nikaendesha udevadm control --reload na udevadm trigger ili kanuni zisomwe upya na zitumike. Programu inasoma /dev/mizani.

Angalizo kwa mwenye ghala kama letu: waya usihamishwe tundu. Nimeshabandika karatasi.