Poti ya aksesi ipo VLAN 20 lakini kompyuta hazipati IP kwenye swichi ya pili

kirumba_net:
Wakuu, habari za kazi. Nimekabidhiwa mtandao wa ofisi ya ghorofa mbili hapa Mwanza. Kuna swichi mbili za Cisco Catalyst 2960, zimeunganishwa poti ya Gi0/1 kwa Gi0/1. Ruta iko chini na ndiyo inayogawa IP. VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) ziko mbili: 10 ni ya mapokezi, 20 ya uhasibu.

Kompyuta ya mhasibu nikiichomeka swichi ya chini inapata 192.168.20.x papo hapo. Nikiichomeka ya juu inahangaika weee, mwisho inajipa 169.254, ile ya kukosa jibu. Kebo nimebadilisha, poti nimehamisha, wapi. Poti ya juu ni ya aksesi (ya kompyuta, VLAN moja tu), iko hivi:

`interface FastEthernet0/5`
`switchport mode access`
`switchport access vlan 20`

Wahasibu wanafunga mwezi keshokutwa na wanapokezana kompyuta moja ya chini. Naombeni msaada.

binti_wa_seva:
VLAN 20 yenyewe ipo kwenye swichi ya juu? Piga `show vlan brief`.

kirumba_net:
Ipo, active, na Fa0/5 imo. Ila Gi0/1 haionekani popote kwenye ile orodha, ndiyo inanitia wasiwasi.

mzee_patchi:
Mkuu, hiyo isikutishe. Poti inayofanya kazi kama tranki (kiungo cha kubeba VLAN kadhaa kati ya swichi) haitokei kwenye `show vlan brief`. Ingetokea pale chini ya VLAN 1, hapo ndipo ungekuwa na kesi.

Achana na Fa0/5, haina kosa. Ifuate fremu (kifurushi cha data) yenyewe. Kompyuta inapaza sauti kuomba IP, ombi linaingia Fa0/5 bila tagi yoyote, swichi inalihesabu ni la VLAN 20. Likitoka Gi0/1 linabandikwa tagi ya 802.1Q, baiti 4, ndani yake namba 20. Swichi ya chini inaisoma namba hiyo na kuamua kama inaruhusiwa kuingia. Upande mmoja tu ukikataa, ombi linafia hapo na hakuna taa itakayokuonyesha. Taa zote za kijani, mtandao hakuna.

Piga `show interfaces trunk` kwenye swichi ZOTE MBILI. Watu wengi huangalia moja wakaridhika.

kirumba_net:
VLAN zinazoruhusiwa kwenye tranki, juu: allowed 1-4094. Chini: allowed 1,10.

mzee_patchi:
Umempata. Aliyekutangulia aliiruhusu 10 akaishia hapo. Swichi ya chini:

`interface GigabitEthernet0/1`
`switchport trunk allowed vlan add 20`

Nakusihi, neno `add` usilisahau. Ukiandika `allowed vlan 20` peke yake, orodha ya zamani inafutwa inabaki 20 tu, na mapokezi wote wanakatika wateja wakiwa kwenye foleni. Kama unaingia kwenye swichi kwa mbali kupitia tranki hiyo hiyo, unaweza kujifungia nje. Halafu `write memory`, umeme ukikatika usianze upya.

binti_wa_seva:
Nyongeza: poti za kompyuta ziwekee `spanning-tree portfast` na `spanning-tree bpduguard enable`. Bila portfast poti inasubiri kama sekunde 30 kabla ya kupitisha chochote. Bpduguard inaifunga poti mtu akichomeka swichi yake chini ya meza. Kwenye tranki usiziweke.

kirumba_net:
Imekubali! Mhasibu wa kwanza amepata 192.168.20.x na printa ya chini anaiona. Mapokezi hawakukatika. Portfast na bpduguard nimeweka Fa0/1 hadi Fa0/12, zisizotumika nimezipiga `shutdown`. Mzee, swali moja: mapokezi wakitaka kuchapa kwenye printa hiyo ya VLAN 20?

mzee_patchi:
Hapo swichi haikusaidii, lazima wapitie kwenye ruta. Tuma usanidi wake hapa, ila nywila zifute kwanza.