MJADALA: Gesi ya bahari kuu Lindi, dawa za kuzuia barafu bombani ziwekewe masharti?

Mleta mada:
Wakuu, kila mradi wa LNG (gesi asilia inayogeuzwa kimiminika) wa Likong'o, Lindi, ukitajwa tunabishana mgawo na ajira. Leo naomba tubishane kuhusu kitakachomiminwa ndani ya mabomba.

Visima vya Kitalu namba 2, eneo la gesi lililoko baharini, viko karibu kilomita 100 kutoka pwani, kina cha mita 2,500 hivi. Huko chini maji ni ya baridi kama ya friji. Gesi hutoka kisimani na maji, na kwenye baridi ya nyuzi 4, presha ikizidi mara 40 ya hewa tunayovuta, maji huizingira methani, yaani gesi yenyewe, yakagandana nayo. Wataalamu wanaiita hidreti: ni kama theluji iliyoshindiliwa, na ukiiwashia kiberiti inawaka. Mwaka 2010 kule Ghuba ya Meksiko walishusha kuba la chuma kukinga mafuta ya kisima cha Macondo, likaziba kwa barafu hiyo kabla halijafanya kazi. Kwa hiyo dawa lazima iwekwe. Dawa gani?

Mimi nasema sheria itaje sasa hivi kwamba kemikali isiyooza baharini haiingii. Nchi za Bahari ya Kaskazini zinapima: kemikali ikishindwa kuoza walau asilimia 20 ndani ya siku 28, itafutiwe mbadala. Mama yangu huingia mwambani maji ya bamvua yakitoka, mkononi kijiti na kikapu, anachokoa pweza shimo kwa shimo. Ada zangu za shule zilitoka mashimoni humo.

Mchangiaji, fundi wa mabomba:
Mkuu, nakuunga mkono nusu. Kuoza peke yake hakutoshi. Methanoli, aina ya alkoholi inayotumika kuzuia hidreti, inaoza, lakini ni sumu, inawaka, na sehemu kubwa hupotelea kwenye gesi. Glaikoli, kimiminika cha kuzuia kuganda kama kile cha rejeta za magari, nayo inaoza, ila inahitajika kwa wingi, pengine nusu kwa nusu na maji, na ukiimwaga baharini inakula oksijeni wakati inaoza. Uzuri wake ni kwamba inarudi. Pale kwenye mradi wa gesi wa Snøhvit, Norwei, tangu 2007 inapelekwa visimani kwa bomba dogo umbali wa kilomita 143, inarudi pamoja na gesi hadi kisiwa cha Melkøya, inachemshwa maji yatoke, inapelekwa tena. Anayeendesha Snøhvit ni Equinor, kampuni ya mafuta na gesi ya Norwei, huyo huyo wa Kitalu namba 2. Hawezi kutuambia haiwezekani. Kwenye mkataba ningeanza na neno "irudishwe".

Mchangiaji, mwanafunzi wa kemia:
Kaka, kuna dawa za dozi ndogo. Polima (kemikali za minyororo mirefu, kama plastiki) mfano PVCap, asilimia moja tu ya maji inaweza kutosha, huhitaji matangi ya glaikoli. Kasoro yake haiozi kirahisi, ndiyo maana maabara zimegeukia asidi amino, protini za samaki wa bahari za barafu, na hata wanga wa muhogo. Muhogo jamani! Lindi na Mtwara tunaulima. Kwa nini utafiti huo usifanyike Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa fedha za TPDC, shirika letu la petroli?

Fundi wa mabomba:
Mdogo wangu, ufanyike, kwa moyo wote. Lakini wanga unachelewesha kuganda, hauzuii. Kwa presha ya kina kile hidreti inaweza kuanza kwenye nyuzi 20, na bomba limelala kwenye nyuzi 4. Mtambo ukisimama siku tatu, umeziba. Na kizibo si cha kuchezea: ukipunguza presha upande mmoja kinafyatuka kama risasi. Kimewahi kuua mafundi.

Mleta mada:
Nimeelewa, na "irudishwe" naichukua. Kipimo cha siku 28 siachi, kwa sababu glaikoli haisafiri peke yake, inachanganywa na dawa za kuzuia kutu. Na ikichemshwa, maji yanayotolewa na chumvi inayobaki vinapelekwa mahali. Vitamwagwa wapi, na nani atayapima hayo maji? Aliyehudhuria kikao chochote cha wananchi pale Likong'o atuambie kama swali hili liliulizwa, na alijibiwa nini.