Naomba ushauri: funguo za kwantamu kwenye faiba ya Kampala–Gulu

Habari zenu wakuu. Natunza mtandao wa Sacco moja hapa Kampala, na tawi letu la Gulu liko zaidi ya kilomita 300. Muuzaji anatushawishi tununue mitambo ya kugawana funguo za siri za kufungia data kwa fotoni (chembe za mwanga), ile mbinu ya Bennett na Brassard ya 1984: mdukuzi akichungulia, makosa yanaongezeka na pande zote zinashtuka. Safi. Lakini kwa umbali huo mwanga unafifia, na fotoni hizo hazipitishwi kwenye amplifaya, kwa hiyo tutahitaji vituo vya kati, na humo ufunguo unakaa wazi. Nani atavilinda, askari wa getini?

Mimi naegemea ML-KEM, njia ya kihisabati ya kukubaliana funguo iliyoundwa kuhimili kompyuta za kwantamu, iliyopitishwa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, Agosti 2024, maana ni programu tu. Aliyewahi kuiweka kwenye ruta za zamani, je, zinahimili?