Nguo za mtoto wa bweni: nishone jina kwa uzi au niandike kwa wino?

Mzazi wa Mamboleo, Kisumu

Wazazi wenzangu, hamjambo. Mwanangu wa kwanza anaingia Gredi ya 10 katika shule ya bweni Januari hii, na mdogo wake yuko Gredi ya 4 katika shule ya kutwa hapa Kisumu. Mwaka uliopita yule mdogo alipoteza sweta mbili. Ya kwanza haikuonekana tena. Ya pili tuliikuta imevaliwa na mtoto mwingine, lakini jina nililokuwa nimeandika kwa maka peni lilikuwa limegeuka doa la zambarau lisilosomeka, kila mzazi akashikilia kuwa sweta ni ya mwanawe, na mtoto yule akaitwa mwizi mbele ya wenzake. Jambo hilo liliniuma kuliko hasara yenyewe, kwa maana hadi leo sina hakika sweta ile ilikuwa ya nani.

Sasa nina rundo la mashati, suruali, sweta, soksi, shuka na taulo juu ya kitanda, na sitaki kurudia kosa lile. Je, wino unafaa kabisa, au nishone kila kitu kwa uzi? Niweke jina mahali gani? Tena, niandike nini hasa, ikiwa nambari ya usajili hatapewa hadi siku ya kuripoti?

Fundi cherehani, Kibuye

Pole sana, mama. Wino haukukosea, ulipakwa kwenye kitambaa kisichoupokea. Nyuzi za pamba hufyonza wino, lakini za poliesta hazifyonzi, hivyo wino hukaa juu juu na kupungua kila nguo inapofuliwa. Mashati mengi ya shule ni mchanganyiko wa hizo mbili, na sweta nyingi ni za akriliki, nyuzi za kiwandani ambazo ni ngumu zaidi kuandikika. Usijaribu kuukausha wino kwenye sweta kwa pasi ya moto, kwa sababu akriliki haivumilii zaidi ya joto la alama ya nukta moja kwenye pasi, yaani nyuzi 110 za Selsiasi hivi, na ikizidi hapo kitambaa hulegea na kung'aa mahali palipoguswa.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Nunua kipande cha marekani, kile kitambaa cha pamba, kifue kwanza ili wanga wa kiwandani utoke na kitambaa kirudi kabla ya kushonwa, kisha kikate vipande vyenye urefu wa kidole. Andika kwa maka peni, acha wino ukauke hadi kesho yake, piga pasi ya moto bila maji, halafu shona kila kipande kwenye nguo kwa pande zote nne. Ukishona pande mbili tu, vidole vya mtoto vitakibandua kabla ya likizo fupi ya katikati ya muhula. Kwenye sweta, darizi herufi moja kwa moja kwa uzi wa poliesta, kwa kuwa uzi wa pamba wenye rangi hupauka upesi ukikutana na jiki.

Kuhusu mahali, usishone kwenye ukosi peke yake, kwa maana kipande cha ukosini hukatwa kwa wembe mara moja. Kwenye suruali, andika pia kwenye kitambaa cha ndani cha mfuko, ambacho kwa kawaida ni cheupe na hupokea wino vizuri kuliko suruali yenyewe. Anayetaka kuliondoa jina hapo itambidi aharibu mfuko. Kwenye shati, tumia upande wa ndani wa ule ukanda wa vifungo, chini kabisa, sehemu inayochomekwa ndani ya suruali.

Mlezi wa bweni, Kakamega

Asante, fundi. Naomba niongeze upande wa sisi tunaokaa na watoto hawa. Nguo nyingi zinazopotea bwenini hazikuibwa. Huku kwetu mvua hunyesha alasiri, wakati watoto wako darasani, na anayewahi kukimbilia kamba huanua nguo zote kwa mkupuo mmoja na kuzimwaga juu ya kitanda kilicho karibu. Jioni tunaziokota moja moja na kusoma majina. Nguo isiyosomeka hubaki kwenye rundo, na kufikia mwisho wa muhula rundo hilo huwa na sweta nzuri kabisa ambazo hakuna awezaye kuzidai bila ugomvi. Kwa hiyo, mama, herufi ziwe na kimo cha kutosha, na zote ziwe herufi kubwa kama ile ya mwanzo wa jina, kwa sababu anayezisoma anazisoma haraka, tena mara nyingi stima imepotea.

Jina moja halitoshi. Mimi nina akina Nekesa na akina Nafula wasiohesabika, na kwenu Kisumu hakuna bweni lisilo na akina Otieno waliozaliwa usiku na akina Ochieng' waliozaliwa jua likiwaka. Shona herufi za mwanzo za majina mawili ya kwanza, kisha jina la ukoo kwa ukamilifu, na uache nafasi upande wa kulia. Nambari ya usajili ndiyo alama bora, kwa kuwa shuleni haina wawili, nawe umpe sindano na uzi ule ule ili aidarizi mwenyewe katika juma la kwanza. Mvulana wa umri huo anaweza, na akishaishona kwa mkono wake hataisahau.

Jambo jingine: mpe orodha ya kila kitu alichoenda nacho, pamoja na idadi. Mtoto asiyejua kuwa alileta mashati manne hatambui siku anapobaki na matatu.

Mama wa pacha, Nakuru

Dada, nakubaliana na waliotangulia, ila kwa yule mdogo ningependa uwe na tahadhari. Mtoto wa shule ya kutwa hutembea barabarani, na jina likionekana kwa nje, mtu asiyemjua anaweza kumwita kana kwamba wanafahamiana. Weka jina ndani, popote pasipoonekana nguo ikiwa imevaliwa.

Wangu ni Apiyo na Adongo, na nguo zao ni za kipimo kimoja. Kabla hawajajua kusoma niliwatofautisha kwa uzi: mwekundu kwa mmoja na wa manjano kwa mwenzake, mishono mitatu tu kwenye pindo la ndani. Bado natumia njia hiyo kwa soksi, kwa maana sioni faida ya kudarizi jina zima kwenye soksi itakayotoboka. Viatu huandikwa chini ya ulimi, pale kidole kisiposugua. Ndoo na sahani za plastiki utaziandika kwa ncha ya msumari uliopashwa moto, ukiushika kwa koleo, nje ya nyumba kwa sababu ya moshi wake.

Mzazi wa Mamboleo, Kisumu

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Jana tulikaa na kijana mchana kutwa, tukamaliza mashati, suruali na sweta zote, na nafasi ya nambari tumeiacha. Alishona sweta ya mdogo wake pia. Limebaki blanketi, ambalo lina manyoya mengi na kipande cha marekani hakitulii juu yake.

Fundi cherehani, Kibuye

Blanketi lidarizi kwenye ule utepe laini wa ukingoni, mama, kwa uzi wa sufu uliokunjwa mara mbili. Kama halina utepe, kunja pembe moja kwa upana wa kiganja, ishone, kisha udarizi juu ya mkunjo huo.