Hita ya dizeli ya gari la kambi inatoa moshi mweupe na kukataa kuwaka: kusafisha, kubadilisha plagi, au kununua mpya?

Mwanzisha mada

Ndugu wanachama, naomba tulinganishe njia tatu za kutatua tatizo moja. Hita yangu ni ya kilowati 2, imefungwa chini ya kiti cha mbele, na huvuta dizeli kutoka kwenye tangi la gari. Ninapoiwasha, feni inazunguka, plagi ya kuwashia inapata moto, pampu inaanza kugonga, kisha moshi mzito mweupe unatoka kwenye eksozi. Baada ya jaribio la pili kidhibiti kinaonyesha alama ya kushindwa kuwaka na kuzima kila kitu. Injini ya gari ikiwa inaunguruma, mara nyingi hita huwaka bila shida.

Njia ninazozifikiria ni kuifungua na kukwangua masizi, kubadilisha plagi pamoja na wavu wake, au kuiondoa na kufunga mpya. Ningependa kujua ipi itangulie na kwa sababu gani, maana kila moja ina gharama yake ya muda na fedha, na nisingependa kubadilisha kifaa kizima kisha nikute tatizo liko palepale.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha mada, kabla ya kuchagua kati ya hizo tatu, ongeza ya nne ambayo haigharimu chochote, nayo ni kupima umeme unaofika kwenye hita wakati plagi ikiwa kazini. Alama inayoonyeshwa na kidhibiti inakwambia kwamba moto haukupatikana, lakini haikwambii ni nini kilichouzuia, na hata maana ya namba zenyewe hutofautiana kati ya kiwanda kimoja na kingine.

Moshi mweupe ni dizeli iliyogeuka mvuke bila kuungua. Kwa hiyo tayari unajua mambo mawili: pampu inaleta mafuta, na joto la kuyawasha halitoshi. Joto hilo hutoka kwenye plagi, ambayo wakati wa kuanza huvuta takriban ampia 8 hadi 10 katika mfumo wa volti 12. Moto ukishashika, plagi huzimwa na hita nzima hutumia ampia chache tu. Ndiyo maana betri inayoonekana nzima kwa taa na friji inaweza kushindwa katika dakika hizo za mwanzo.

Habari uliyoitaja mwishoni, kwamba injini ikiunguruma hita inawaka, kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Altaneta inapochaji, volti za betri hupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4, na upungufu uliokuwa ukikuzuia hufunikwa. Weka mita kwenye soketi ya hita yenyewe, kisha weka nyingine kwenye vichwa vya betri, na usome zote mbili kwa wakati mmoja plagi inapovuta. Ukisoma kwenye betri peke yake hutajua chochote kuhusu waya.

Mchangiaji wa pili

Nakubali kwamba kipimo kitangulie, lakini nisingependa masizi yasahaulike. Hita hizi huzalisha masizi mengi zaidi zinapoachwa zikifanya kazi katika kiwango cha chini kwa saa nyingi, hasa ikiwa hita ni kubwa kuliko nafasi inayopashwa, kwa sababu moto mdogo hauchomi mafuta kikamilifu. Masizi yakijaa kwenye chumba cha kuchomea na kuziba wavu unaozunguka plagi, mafuta hayatawanyiki inavyopaswa na hewa haipiti kwa kiasi chake. Dalili yake huanza na moshi mweusi au wa kijivu wakati hita inafanya kazi, kisha kuwaka kunakuwa kwa shida siku hadi siku. Mwanzisha mada hakutaja moshi mweusi, na hilo linapunguza uwezekano huu bila kuufuta.

Kuhusu uchaguzi kati ya kusafisha na kubadilisha plagi, kwa maoni yangu hizo si njia mbili. Ukishaitoa plagi umeshaufikia wavu, na wavu ni kipande kidogo kisichostahili kurudishwa kikiwa kimeziba. Plagi yenyewe ipimwe ukinzani ikiwa baridi. Nyingi husoma chini kidogo ya omu 1 au juu yake kidogo, na ikisoma kama waya uliokatika, hakuna haja ya mjadala. Ukiamua kwenda mbali zaidi na kufungua chumba cha kuchomea, nunua gasketi mpya kwanza. Gasketi ya zamani ikirudishwa, moshi wa eksozi unaweza kupenya kwenye hewa unayoivuta ukiwa umelala, na hapo tunazungumzia kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kwa sababu hiyo nisingemshauri mtu afungue chumba hicho ikiwa bado hajathibitisha kwamba kina kasoro.

Masizi mepesi huondoka kwa kuiendesha hita katika kiwango cha juu kabisa kwa nusu saa hivi, mlango au madirisha yakiwa wazi ili kipima joto kisiipunguze. Hili ni jambo la kufanya mara kwa mara hata kama hakuna tatizo. Vilevile, hita isizimwe kwa kukata umeme. Ikizimwa kwa kidhibiti, pampu husimama na feni huendelea kwa dakika kadhaa ili kupoza chuma na kusukuma nje mabaki ya mafuta. Umeme ukikatwa ghafla, mabaki hayo huungulia humo humo na kuwa masizi.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kutofautiana kidogo na mchangiaji wa kwanza kuhusu injini. Ikiwa bomba la mafuta la hita limeunganishwa kwenye bomba la injini badala ya kuwa na mrija wake ndani ya tangi, injini inapofanya kazi shinikizo la mafuta ndani ya bomba hubadilika pia. Hita inayowaka injini ikiunguruma inaweza basi kuwa na tatizo la umeme au la mafuta, na dalili ni ileile. Haitoshi kuhitimisha kwa dalili hiyo peke yake.

Njia ya kuyatenganisha ni kuchukua chombo kidogo safi chenye dizeli mpya, kukiweka karibu na pampu, na kuunganisha mrija mfupi moja kwa moja, injini ikiwa imezimwa. Hita ikiwaka, kosa liko kati ya tangi na pampu, pengine ni filta iliyoziba au kiungo kinachoingiza hewa. Isipowaka, tangi na mabomba yake yameondolewa kwenye orodha, nawe umebaki na umeme au hita yenyewe. Jaribio hili linafanyika ndani ya nusu saa na ndilo linaloamua kati ya njia zote zilizotajwa hapa, jambo ambalo kununua plagi hakuwezi kukufanyia.

Ukiwa hapo chini ya gari, tazama pia jinsi pampu ilivyofungwa. Inapaswa kuinama, upande wa kutolea mafuta ukiwa juu, ili mapovu ya hewa yapande na kutoka; ikilala sawasawa, povu hubaki ndani na kila pigo hutoa mafuta pungufu. Bomba liwe lile jembamba gumu, lenye tundu la ndani la milimita 2 hivi, na ncha zake zigusane ndani ya kiungo cha mpira. Ukiacha nafasi kati ya ncha hizo, mapovu hukusanyika hapo, na moto huwa unapanda na kushuka au kuzimika katikati ya usiku.

Kwa wanaosafiri milimani, kuna jambo lingine. Kwenye mwinuko wa mita 2000 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko usawa wa bahari, lakini pampu inaendelea kutoa mafuta yaleyale isipokuwa kidhibiti kimewekewa marekebisho ya mwinuko. Matokeo yake ni mafuta mengi kwa hewa kidogo, na masizi.

Mwanzisha mada

Nawashukuru nyote kwa uchambuzi. Nimefanya majaribio mawili. Kwa chombo cha pembeni chenye dizeli mpya, injini ikiwa imezimwa, hita ilishindwa kuwaka kwa namna ileile na kwa moshi uleule. Kisha nikapima umeme: plagi inapovuta ampia 10, betri inasoma volti 12.2 na soketi ya hita inasoma 10.6. Injini ikiunguruma, betri inasoma 14.0 na soketi 12.2. Waya uliotumika ni wa milimita 2.5 za mraba, na umbali kutoka betri hadi kwenye hita ni mita 6. Je, nibadilishe waya peke yake, au bado nifikirie hita mpya kwa kuwa hii imeshapitia majaribio mengi ya kuwashwa bila mafanikio?

Mchangiaji wa nne

Hita mpya ondoa kwenye mawazo. Ingefungwa kwenye waya huohuo na ingepata volti zilezile 10.6, nawe ungelaumu kiwanda. Kubadilisha kifaa kizima kunafaa pale ambapo ganda la kubadilishana joto limetoboka au kupasuka, na hapo hakuna usafi wala plagi itakayosaidia. Kwako hakuna dalili ya hilo. Iwapo king'ora cha kaboni monoksidi hakijafungwa ndani ya gari, fedha uliyotenga kwa hita ianzie hapo.

Mchangiaji wa kwanza

Vipimo vyako vimejibu swali, lakini visome kwa makini, kwa sababu waya peke yake hauelezi upungufu wote. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo urefu ni mita 12. Shaba ya milimita 2.5 za mraba kwa urefu huo ina ukinzani wa takriban omu 0.084, ambao kwa ampia 10 unapoteza volti 0.84. Wewe unapoteza volti 1.6. Karibu nusu ya hasara, volti 0.76 hivi, iko kwenye viungo: kishikio cha fyuzi, vichwa vya waya vilivyobanwa, au mahali ambapo waya hasi umefungwa kwenye bodi la gari. Kiungo kinachopoteza kiasi hicho kwa ampia 10 kinatoa joto la wati 7 na nusu, na mara nyingi plastiki yake huwa imeanza kubadilika rangi. Weka mita kati ya upande mmoja na mwingine wa kila kiungo wakati plagi inavuta. Kile kisichosoma karibu na sifuri ndicho chenye kosa.

Ukubwa wa madhara yake ni huu: joto la plagi hufuata mraba wa volti, hivyo kwa 10.6 plagi yako inapata takriban robo tatu tu ya joto inalolipata kwa 12.2, pale injini inapounguruma. Robo iliyopotea ndiyo unayoiona ikitoka kama moshi mweupe.

Rekebisha viungo kwanza, kisha vuta waya wa milimita 6 za mraba, chanya na hasi zote mbili moja kwa moja hadi kwenye betri, nao utapoteza volti 0.35 tu. Fyuzi ibaki ya ukubwa ulioandikwa na kiwanda cha hita, ikae karibu na betri, wala isiongezwe kwa sababu waya umekuwa mnene.

Mchangiaji wa pili

Naongeza jambo moja kuhusu hofu ya majaribio yaliyoshindwa. Kila jaribio limeacha dizeli ndani ya chumba cha kuchomea, kwa hiyo mara ya kwanza baada ya kubadilisha waya tarajia moshi mweupe kwa dakika kadhaa, na uwe umeliegesha gari mahali pa wazi, mbali na watu. Moshi ukiisha, iendeshe katika kiwango cha juu kwa nusu saa. Kama baada ya hapo bado inawaka kwa kusitasita ilhali soketi inasoma zaidi ya volti 11.5, hapo toa plagi na ubadilishe wavu.