Tupeane uzoefu: kuchambua nywele za kipilipili bila kuzikata katika baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Mwanzisha mada, Uyole

Ndugu zangu, Juni imeingia, na kila inapoingia hapa Mbeya, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, nyumba zenye watu wa nywele asilia hupata shida ileile. Watu huogopa maji kwa sababu ya baridi, na wakiogopa maji huchana nywele zikiwa kavu, ilhali kipilipili kikavu hakipatani na chanuo. Naomba kila mwenye uzoefu aeleze anachofanya yeye mwenyewe, kwa vitu vinavyopatikana huku kwetu, badala ya kutuorodheshea chupa ambazo wengi wetu hatujawahi kuziona dukani.

Nianze na utaratibu wangu. Nazigawa nywele mafungu manne hadi sita, kila fungu nalibana peke yake, kisha nalowesha moja kwa maji ya uvuguvugu na kulipaka kondishena mpaka nywele ziteleze vidoleni. Vidole ndivyo vinavyotangulia kutafuta mafundo. Chanuo la meno mapana hufuata, likianzia nchani na kupanda kidogo kidogo kuelekea kwenye ngozi ya kichwa. Anayeanzia kwenye shina huyasukuma mafundo yote chini mpaka yakutane mahali pamoja, na hapo ndipo tunaposikia nywele zikikatika. Fungu likishachanika nalisokota papo hapo lisije likafungamana tena, ndipo nashika jingine.

Utelezi ndio msingi wa kazi yote, kwa maana unywele wa kipilipili hujikunja tangu unapochomoza, hivyo mafuta ya asili ya kichwa hayafiki nchani kwa urahisi, na kila mkunjo ni mahali ambapo unywele wa jirani unaweza kunasa. Kwa sababu hiyohiyo sipendekezi kuoshea sabuni ya mche, kwani magadi yake hufanya magamba madogo ya juu ya unywele yainuke na kukwaruzana.

Msusi, Mwanjelwa

Dada, umeeleza vizuri, lakini wateja wangu wengi hawafiki kwangu wakiwa na nywele za kuchana tu. Wanafika na rasta za wiki sita, nane, na wengine miezi mitatu, na huko ndiko mafundo mabaya yanakotoka. Binadamu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, na hilo ni jambo la kawaida kabisa. Nywele zikiwa zimesukwa, zilizong'oka hazina pa kuangukia, bali hubaki zimenasa ndani ya msuko. Kwa wiki sita hizo ni nywele kati ya 2,100 na 4,200, na zote hutoka siku ya kufumua. Mteja akiona rundo hilo sakafuni hulia kwamba rasta zimemmaliza, nami humwonyesha unywele mmoja mmoja: wenye kijidoa cheupe kwenye ncha moja umeng'oka wenyewe kwa wakati wake, na ule mfupi usio na kijidoa ndio uliokatika. Tukiona vifupi vingi, hapo kweli tuna jambo la kuzungumza, na mara nyingi ni msuko uliobana mno au mkono wenye haraka.

Jambo ambalo ningependa kila anayefumulia nyumbani alizingatie ni pete ya uchafu inayojikusanya penye shina la kila rasta, yaani vumbi, mafuta, mba na hizo nywele zilizong'oka, vyote vimeshikana. Pete hiyo isipate maji kabla haijaachanishwa, kwa kuwa ikilowa hukaza na kuwa bonge ambalo hata mimi nitalihangaikia jioni nzima. Nikishafumua rasta, natia mafuta kidogo mahali pale, navuta nywele pande mbili kwa vidole taratibu mpaka pete ifunguke, kisha naitoa takataka yake. Nikimaliza kichwa chote kwa namna hiyo ndipo mteja anakwenda kwenye beseni. Wapo wanaoniona mchelewaji, nami nawaacha waende kwa wenye kasi.

Kwenye beseni pia nywele zibaki katika mafungu yake. Kuzirundika zote juu ya kichwa na kuzifikicha kama nguo ya kazi ni kuyarudisha mafundo tuliyokwisha kuyafungua.

Baba wa mabinti, Mafinga

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Mama watoto hufanya kazi mbali na nyumbani, kwa hiyo vichwa vya mabinti wawili ni jukumu langu. Mdogo alikuwa akimwona mtu ameshika chanuo anakimbilia kwa jirani. Kilichombadilisha ni shangazi yake kunionyesha namna ya kushika: mkono wa kushoto unabana fungu la nywele karibu na ngozi, na mkono wa kulia unachana sehemu iliyo chini ya vidole hivyo. Mvuto wote unaishia mkononi mwangu na mtoto hausikii kichwani. Siku hizi naye hupewa fungu lake la mbele achane mwenyewe, na analichana kwa makini kuliko mimi.

Nahimiza pia kazi hii ifanyike mapema mchana. Tukichelewa, jua la Mafinga halisubiri, na mtoto hulala na kichwa kibichi. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili kumkausha. Tafadhali, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, hewa ya mkaa huua bila kutoa harufu ya kumshtua mtu.

Mama wa Njombe

Marahaba baba. Mimi naongezea kuhusu mafuta, kwa sababu wengi hufuata maelekezo ya watu wa Pwani pasipo kujali hali yetu. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na huku Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa Julai yanakaa kwenye chupa yakiwa meupe na magumu. Ukiyayeyusha na kuyapaka usiku kabla ya kuosha, yanafaa sana, kwani ni miongoni mwa mafuta machache yanayopenya ndani ya unywele. Ila kwa kutelezesha chanuo asubuhi ya baridi, mafuta ya alizeti hunitosha, maana hayagandi kwa baridi hiyo na bei yake haitishi.

Adui yangu mwingine ni kofia ya sufu, pamoja na kola ya sweta. Vyote viwili husugua kisogo na pembezoni mwa uso kutwa nzima, na fundo gumu kuliko yote huwa kisogoni. Niliishonea kofia yangu kitambaa cha satini kwa ndani, na wanangu nikawafanyia hivyohivyo. Usiku tunafunga kilemba cha satini.

Mkulima, Tukuyu

Kwetu parachichi ni tele na kila mtu hushauri kuliponda na kulipaka. Chembe zake hunasa kwenye kipilipili na kuziondoa ni kazi nyingine ya kuchana. Atakayelitumia alichuje kwenye kitambaa, au atumie mafuta yake.

Mkazi wa Gangilonga, Iringa

Naomba kutofautiana na mwanzisha mada. Unywele uliolowa huvutika zaidi na hukatika ukivutwa kupita kiasi, na mimi nimekuwa nikichambua nywele zangu zikiwa kavu, kwa mafuta na vidole pekee, kabla ya kuosha. Upepo wa Iringa hukausha nywele kiasi kwamba bila hatua hiyo mafundo huingia kwenye maji yakiwa yamekaza. Kwa wasiotaka kununua kondishena, nachemsha bamia zilizokatwa vipande, nazichuja zikiwa bado moto kidogo, na ute wake unatosha kuoshea na kuchania kichwa kizima. Ute huo huharibika upesi, hivyo napika wa siku hiyo tu.

Mwanzisha mada, Uyole

Ndugu wa Gangilonga, naona hatupishani sana, kwa kuwa mafuta na vidole ndivyo vinavyokupa utelezi. Ni kweli kwamba unywele mbichi huvutika, na kwa wenye nywele zilizonyooka kuchana zikiwa zimelowa huongeza ukinzani. Kwa nywele zilizojikunja sana hali ni kinyume, maana maji hulegeza mikunjo na chanuo hupita kwa nguvu ndogo zaidi. Ningekubali vidole kwenye nywele kavu zenye mafuta, lakini chanuo lingoje maji. Bamia nitaijaribu.

Mwalimu, Makete

Huku barafu huonekana kwenye nyasi asubuhi, na kuosha nywele kila wiki ni mtihani. Nilichojifunza kwa bibi ni kuzuia mafundo yasitokee: nywele zikishachambuliwa, anazisuka kwa uzi mweusi zikiwa na unyevu kidogo. Uzi huzinyoosha bila moto wa draya, na nywele iliyonyooshwa haina nafasi ya kujizungusha na kujifunga yenyewe nchani. Nikifumua uzi, chanuo hupita karibu bila kazi. Sharti ni kutokaza penye shina, hasa pembeni mwa uso. Swali langu kwa dada msusi: fundo lililokataa mafuta, maji na kondishena hulifanyia nini?

Msusi, Mwanjelwa

Mwalimu, hilo nalipaka mafuta upya na kuliacha nusu saa, nikiendelea na mafungu mengine. Kisha natumia ncha ya pini kutoa nywele mojamoja kutoka ukingoni mwa fundo, kamwe si kutoka katikati. Likikataa kabisa, nalikata lenyewe kwa mkasi mkali wa ushonaji, kwa kupasua kufuata urefu wa nywele na si kwa kukata mkato wa kukingama, ili nyingi za pembeni zibaki na urefu wake. Mteja hupoteza kishungi kidogo, na nywele huota kiasi cha sentimita moja kwa mwezi.